Gojira wa 1954 anastahili Kiswahili cha Kariakoo

Ukimwambia kijana anayeuza muvi Kariakoo akuwekee Godzilla kwenye flashi, hahangaiki. Atakuuliza tu kama unataka ile anayopigana na Kong au ile ya kabla yake, kisha atakumwagia zote, na ukiwa na bahati utakuta mojawapo imetafsiriwa. Lakini mwambie unataka ya kwanza kabisa, ya Wajapani wenyewe, ya mwaka 1954, isiyo na rangi. Hapo atanyanyua uso. Hana, na hakumbuki mteja aliyewahi kuiulizia.

Mimi naiulizia, na naandika ili wengine waiulizie. Nimeitazama mara nyingi, peke yangu na pamoja na watu, na kila nikirudia nazidi kuamini kwamba Gojira, kama Wajapani wanavyomwita, ni filamu ya msiba kabla ya kuwa filamu ya dubwana. Inahusu mji uliopigwa, watu waliofiwa, na mtu mmoja aliyeshika silaha ambayo anajua akishaitumia haitarudi kabatini. Mkazi wa katikati ya Dar es Salaam ana sababu zake za kuielewa filamu ya namna hiyo. Tena mji huu una watu wanaojua kuipa filamu ya kigeni sauti ya Kiswahili mpaka bibi asiyejua neno la Kiingereza akaifuata mwanzo hadi mwisho. Ni hasara kwamba hii sijawahi kuikuta mikononi mwao.

Kisa chenyewe kinaanzia kwa samaki. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilizidi maradufu hesabu za wataalamu walioliunda. Mashua ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa na watu 23, na ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Wavuvi waliona mwanga upande wa magharibi, kisha baada ya saa chache majivu meupe yakaanza kuwaangukia kichwani na sitahani. Walifika bandarini Yaizu wakiwa wagonjwa. Samaki wao walikwishaingia sokoni kabla ya watu kujua kilichotokea. Japani nzima ikashikwa na hofu ya kula jodari, na shehena baada ya shehena ikafukiwa ardhini. Septemba 23 mwaka huohuo alifariki fundi wa redio wa mashua ile, Aikichi Kuboyama. Novemba 3, hata wiki sita hazijatimia, kampuni ya Toho ikaipeleka Gojira kwenye majumba ya sinema.

Kwa hiyo mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kuelezwa lolote pale filamu ilipofunguka na mabaharia wamepumzika sitahani jioni, mmoja anapiga gitaa, mwingine kinanda cha mdomo, halafu bahari ikawaka. Meli inazama. Meli ya kuitafuta nayo inazama. Tunapelekwa kwenye ofisi ya kampuni ya meli, ambako ndugu wa mabaharia wamejazana wakidai majina ya waliopona. Watu wetu wa pwani na wa ziwani wanaijua ofisi ile. Waliosubiri habari za meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, na waliokwenda viwanja vya Maisara Septemba 2011 kuwatambua ndugu zao wa MV Spice Islander, hawahitaji mkalimani kuelewa sura za watu wale. Mkurugenzi Ishiro Honda anakaa nao kwa muda. Dubwana bado hatujaliona, wala yeye hana haraka.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, kwenye mabenchi mbele ya TV ya chogo na deki iliyochemka, tulijiwekea sheria zetu za filamu. Kuna steringi, kuna adui, na steringi hafi. Mtu akichelewa kuingia, swali lake la kwanza ni hilo: steringi nani? Katika Gojira swali hilo linakosa jibu la haraka, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi. Ogata, baharia kijana mwenye sura nzuri, anaonekana ndiye, lakini kazi anayoifanya ni ndogo. Profesa Yamane anachezwa na Takashi Shimura, mwigizaji mkubwa ambaye mwaka huohuo, kwa kampuni hiyohiyo, aliwaongoza samurai wa Akira Kurosawa katika Seven Samurai. Unatarajia atawaongoza watu vitani. Badala yake yeye anahuzunika kwamba wanataka kumuua Gojira. Mnyama aliyepigwa na bomu la haidrojeni na bado anaishi, anasema, angetufundisha mengi, na hakuna anayemsikiliza. Halafu kuna daktari Serizawa. Ana kitambaa jichoni kwa jeraha la vita, anajifungia maabara ya chini ya nyumba, haongei na watu. Kibanda kizima kingeapa kwamba huyu ndiye adui. Kumbe ndiye atakayebeba filamu yote mgongoni.

Na dubwana lenyewe? Lilikuwa limelala zake chini ya bahari. Mabomu yamelitoa kwenye makao yake, na ngozi yake ni makovu matupu, kama ya binadamu aliyeungua. Akira Takarada, aliyecheza Ogata, alisimulia uzeeni kwamba alipoitazama filamu kwa mara ya kwanza alilia kwa kumwonea huruma Gojira. Namwelewa. Ni zimwi linalotisha kweli, linaua watoto, linachoma mitaa, na bado unajua kwamba halikuanza lenyewe.

Usiku wa Tokyo kuteketezwa ndio watu wanaousikia sana, na unastahili sifa zake. Fundi wa mambo yale, Eiji Tsuburaya, alitamani kutumia sanamu za kusogezwa kidogo kidogo kama ilivyofanywa kwa King Kong mwaka 1933, akaambiwa na hesabu zake mwenyewe kwamba ingemchukua miaka saba. Akaamua kumvalisha mtu. Haruo Nakajima aliingia ndani ya gamba zito linalokaribia kilo 100, chini ya taa za studio, akitembea kati ya majengo madogo yaliyojengwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Jasho alilolitoa humo lilikuwa la kukamua. Kabla ya hapo alikwenda bustani ya wanyama ya Ueno kuwatazama tembo na dubu wanavyokanyaga. Kamera zilikimbizwa kwa kasi, ili picha ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, kila hatua iwe nzito na kila ukuta uporomoke taratibu. Mlio wake ulitungwa na mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, kwa besi, lile la kusimama mnaloliona nyuma kwenye vikundi vya taarabu asilia Zanzibar. Nyuzi zililegezwa, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Sauti ile huwezi kuisahau, kwa sababu ni kama hasira na maumivu vimetoka koo moja.

Lakini tazameni Honda anaielekeza wapi kamera wakati wa moto. Watu wanakimbia na vifurushi, na magodoro, na watoto mgongoni. Waliokuwa Gongo la Mboto usiku wa Februari 16, 2011, maghala ya silaha yalipolipuka, wanajua mkimbio huo, wa kutojua unakimbia nini wala uelekee wapi. Kisha, Ginza, chini ya ukuta wa jengo la duka kubwa, kamera inamkuta mama mmoja amechutama amewakumbatia watoto wake. Hakimbii. Anawaambia watoto kwamba karibu watakuwa pamoja na baba yao. Hatuelezwi baba ni nani. Mwaka 1954 watazamaji walijua: baba alikufa vitani. Mama yule anaonekana kwa sekunde chache tu, na filamu nzima za siku hizi, zenye dola milioni 150 na zaidi, hazina sekunde zenye uzito huo.

Honda hakubuni huzuni hiyo. Aliitwa jeshini mara tatu, alikuwa China vita vilipoisha, na aliporudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Tokyo yenyewe ilichomwa na ndege za Marekani usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, wakafa watu wanaokadiriwa 100,000 kwa usiku mmoja. Waliokaa kwenye viti vya sinema mwaka 1954 walikuwa wanatazama mji wao ukiungua kwa mara ya pili, miaka tisa baada ya ile ya kwanza.

Kinachonishika mimi ni asubuhi yake. Filamu nyingi za madubwana zikimaliza moto zinakimbilia pambano linalofuata. Gojira inakwenda hospitali. Majeruhi wamelazwa kwenye korido. Daktari anamsogezea mtoto mdogo kipimo cha mionzi, kipimo kinalia, naye anatikisa kichwa. Msichana mdogo analia mbele ya machela ya mama yake.

Nimeitazama sehemu hiyo tena baada ya Novemba 16, 2024. Jumamosi ile asubuhi jengo la ghorofa nne liliporomoka hapa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, maduka yamefunguliwa na watu wamejaa. Waliobanwa chini walikuwa wafanyabiashara, wateja, wabeba mizigo. Vijana waliingia kwenye matundu kwa mikono mitupu kabla mashine hazijafika, maji na glukosi vikapitishwa kwenye upenyo, na mjini kote watu walishika simu wakisubiri namba ipigwe kutoka chini ya zege. Zaidi ya watu 80 waliokolewa. Wasiopungua 29 walifariki. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, Machi 29, 2013, lilianguka jengo la ghorofa 16 Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Sikusudii kuulinganisha uzembe wa ujenzi na bomu la haidrojeni. Nasema kwamba mji uliosimama kando ya kifusi siku kadhaa ukisikiliza kama kuna sauti, huo unajua kutazama hospitali ya Honda. Tunajua kwamba msiba wa mji hauishi vumbi likitulia, na filamu hii ni kati ya chache za aina yake zinazoheshimu jambo hilo.

Kuna tukio jingine ambalo wapenda mapigano hulirusha mbele, nami nawasihi wasilirushe. Ni la bungeni. Yamane amekwishatoa ushahidi kwamba dubwana limetoka kwenye mabomu. Mbunge mmoja anasimama na kusema habari hizi zisitangazwe: zitaharibu uhusiano na nchi za nje, zitawatia watu kiwewe. Upande wa pili wanawake wanainuka. Ukweli ni ukweli, wanasema, utangazwe. Ukumbi unageuka kelele. Filamu ya burudani, iliyotengenezwa mwaka mmoja na ugonjwa wa wavuvi wale, ilithubutu kuonyesha viongozi wakijadiliana kama wananchi wana haki ya kujua kinachowaua. Kwa tukio hilo pekee Honda angetosha kuheshimiwa.

Sasa nirudi kwa Serizawa. Katika maabara yake amegundua kitu kinachokula oksijeni yote iliyo ndani ya maji. Anamwonyesha Emiko, binti wa Yamane aliyekuwa mchumba wake, kwenye tangi la samaki. Anadondosha kidonge kidogo. Maji yanachemka, samaki wanageuka mifupa, mifupa nayo inayeyuka. Emiko anapiga yowe, na Serizawa anamwapisha asimwambie mtu.

Kila ninapoliona tangi lile nafikiria baruti. Kwa miongo mingi pwani yetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga na Mtwara, imepigwa baruti na watu wanaotafuta samaki wa haraka. Chupa moja inarushwa, maji yanaruka, kisha kunakuwa kimya. Wachache wanaelea, wengi wanazama, wadogo kwa wakubwa, na matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi yanabaki kokoto. Mvuvi wa ndoano na mshipi akija kesho yake hakuti kitu. Mtu wa soko la samaki la Feri akilitazama tangi la Serizawa hataona ndoto ya kisayansi. Ataona kitu anachokijua, kimekuzwa. Na hofu ya Serizawa ni hiyohiyo: kitu kikishajulikana kwamba kinaweza, atatokea wa kukitumia. Ndiyo maana anachoma karatasi zake zote kabla ya kushuka Ghuba ya Tokyo na silaha yake, na akishaiwasha anakata mpira wa hewa na kamba, ili maarifa yaliyobaki kichwani mwake yazame naye.

Steringi amekufa, kwa hiari yake, ili silaha ife pamoja naye. Hakuna anayeshangilia kweli. Yamane anabaki sitahani akisema kwamba haamini Gojira huyu alikuwa wa mwisho, na kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea atatokea mwingine.

Anayedhani haya ni mambo ya Wajapani na Wamarekani, yasiyotuhusu, aangalie urani ilitoka wapi. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwenye mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe yale zilikuwa zimekwishapelekwa New York, zikasubiri mnunuzi. Waliozichimba walikuwa Wakongo wa eneo ambalo hadi leo Kiswahili ndiyo lugha ya mgodini na sokoni. Na sisi tunayo urani yetu kwenye Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo. Mwenye kutaka kufikiria maana ya kuwa na mawe ya namna hiyo chini ya miguu yake, aanze na wavuvi 23 wa Yaizu.

Ndiyo maana nawaelekea watafsiri wa muvi. Tanzania ilikuwa na Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Lufufu. Sauti yake kwenye kanda za VHS iliwafikisha watu kwenye filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani ambazo peke yao wasingezigusa. DJ Mark na wengine wakafuata, na Kenya ikampata DJ Afro. Kazi yao haikuwa ya kubadilisha maneno tu. Waliwapa wahusika majina ya mtaani, walimwonya steringi mlango unapofunguka nyuma yake, walieleza desturi ya nchi ya watu kwa mfano wa nyumbani. Wasomi wa Ulaya wameandika juu ya kazi hiyo, na sisi tunaendelea kuiona kama kelele za vibandani. Mimi naiona kuwa sanaa kamili, na sanaa hiyo inahitaji filamu ya kuipima.

Gojira ndiyo. Ni fupi, dakika 96. Ina mahali pengi pa msimulizi kufanya kazi yake: kisiwa cha Odo, ambako mzee anasimulia jinsi zamani mabinti walivyotolewa kafara baharini na kijiji kinacheza ngoma ya tambiko usiku, mabehewa ya treni, ambako abiria wanalalamikia samaki wa mionzi kama abiria wa daladala wanavyolalamikia bei ya mafuta, wanahabari kwenye mnara wa televisheni wanaotangaza hadi mnara unapoanguka nao. Lufufu angeishika treni ile akaifanya ya Gongo la Mboto.

Naomba mambo mawili tu kwa atakayeichukua. La kwanza, aitumie ya Kijapani yenyewe ya 1954, asitumie ile ya 1956 ambayo Wamarekani waliikatakata wakampachika mwandishi wa habari Mmarekani, aliyechezwa na Raymond Burr, na kupunguza makali ya habari za bomu. La pili, kuna mahali patatu anyamaze kabisa: mama wa Ginza akiwakumbatia wanawe baada ya maneno yake kutafsiriwa, wasichana wa shule wanapoimba sala ya amani kwa ajili ya mji, na Serizawa anaposhuka majini. Mtafsiri mzuri anajua kunyamaza. Popote pengine aseme anavyotaka, kwa Kiswahili cha Kariakoo, bila kulainisha. Akiimaliza aiweke sokoni, na sisi tuinunue kwake, tusiizungushe bure kwenye simu.